Sukari ya Fosia

Mwalimu Galma alifundisha wanawake kusoma katika chumba kimoja nyuma ya soko la mifugo la Garissa. Alasiri moja aliwasomea habari za Wakelti, watu wa kale wa Ulaya, waliojivunia koo zao na kuibiana ng'ombe.

"Kama sisi tu," Fatumo akasema, na darasa likacheka.

"Ngojeni," Galma akasema. "Walimwogopa mshairi kuliko mkuki. Mfalme akiwa bahili kwa wageni, mshairi alimtungia kejeli, na wanasimulia kwamba malengelenge yalimtoka usoni. Na mfalme mwenye kasoro usoni aliondolewa kitini."

Amran, aliyeacha shule darasa la tano na ambaye hata kuitikia jina lake kulimtoa jasho, alilipenda jambo hilo mno. Walipotoka, Fatumo akalalamika kwamba chai ya Fosia, mjane aliyeuza chai pale kwenye geti la soko, haina sukari. Maneno yakamponyoka Amran kabla haya haijamshika:

Chai ya Fosia, sukari haifiki kikombeni,
Mumewe aliitafuta hadi akaingia kaburini.

Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Hakuwahi kupendwa hivyo na kundi la watu. Alirudi nyumbani akijiimbia.

Haukupita muda, wimbo ukawafikia wauza mbuzi, wapakiaji wa malori na watoto wa madrasa. Nje ya darasa hakuna aliyejua ulikotoka. Nani angemdhania Amran? Wateja wakahamia kibanda cha pili, wakiuimba njiani. Na Fosia, aliyeuza chai uso wazi miaka yote, akaja sokoni amevaa nikabu.

Amran alipoyaona yale macho mawili juu ya kitambaa cheusi, aligeuza uso. Alipita njia nyingine. Kesho yake tena. Mwishowe akajikokota hadi kwenye benchi tupu la Fosia na kuketi.

"Umepotea njia, abaayo, dada yangu?" Fosia akamuuliza, akimimina chai. "Siku hizi hapa hawaji watu."

"Habaryar, mama mdogo..." Akatazama vidole vyake vya miguu. "Ule wimbo. Ni mimi."

Fosia aliweka chupa ya chai chini.

"Wewe? Wewe ambaye salamu yako naisikia kwa kukisia? Mimi nimegombana na Fatumo bure, nikidhani ni yeye."

"Nisamehe, walahi."

"Ya sukari umesema kweli. Mume wangu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Nilimpikia chai miaka mingi, mkono ukazoea kutia kidogo. Amekufa, mkono haujui kwamba amekufa." Akafuta kikombe. "Lakini huko kaburini ulimfuata kutafuta nini?"

Amran alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Nitatunga mwingine," akasema mwishowe. "Wa kukusifu. Nitauimba mbele ya wote, na nitasema wa kwanza ulikuwa wangu."

"Sema ulikuwa wako. Hilo sema, na Fatumo awepo. Lakini mimi usinitungie kitu tena, hata sifa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kunywa, itapoa."

Amran alikunywa yote, bila kuinua macho. Kisha akampitia Fatumo, wakaelekea kwa wauza mbuzi, walikokuwa watu wengi, akitafuta ndani ya kifua chake sauti ya kuanzia.