Dashibodi ya Kifaru

Mume wangu hakutaka dashibodi iguswe. Injini fungua, viti shona, hata mlango ung'oe ukipenda, lakini dashibodi iache ilivyo. Nilimwambia ubishi huo aupeleke zahanati, maana ujumbe ulitoka huko: gari litengenezwe ndani kabla ya ukaguzi, la sivyo kazi apewe mtu mwingine.

Gari lenyewe tunaliita Kifaru. Ni la zamani, lile la kupanda milima na kuvuka mito, magurudumu yote manne yanavuta, na mafuta linayanywa kama lina hasira na sisi. Kwa gari hilo mume wangu alikuwa akimpeleka muuguzi na kasha lake la chanjo kwenye vijiji ambako magari mengine hayafiki. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwamsha asubuhi. Akiikosa, sijui angefanya nini. Angeshinda nyumbani akinikosoa ninavyokaanga vitunguu, na mmoja wetu angehama.

Sasa dashibodi ilikuwa aibu tupu. Jua lilikuwa limeipasua toka mwisho hadi mwisho, sponji inachungulia nje, na gari likiruka shimo unga wa njano unalimwagikia kasha la chanjo. Swichi ndizo usiseme. Kila iliyokufa mume wangu aliitengeneza kwa alichookota njiani. Ya taa kichwa chake kilikuwa kizibo cha chupa, ya waipa kifungo cha koti langu, na ya feni ilifungwa utepe kama kidole chenye kidonda.

"Mimi nazijua," alisema.

"Mkaguzi hazijui."

"Kwani mkaguzi ndiye ataendesha?"

Mwishowe alikubali, shingo upande. Mimi ni fundi cherehani, nashona mapazia na makochi ya watu, na nikiona kitu kimechakaa mikono inaniwasha. Dashibodi mpya hatukuwa na uwezo nayo, na hata tungekuwa nao, ya gari lile haitengenezwi tena. Nikafungua skrubu, nikaibeba hadi chumba changu cha kazi na kuilaza juu ya meza ya kukatia. Sponji iliyooza niliikwangua kwa kisu cha jikoni. Nyufa nilizijaza gundi niliyochanganya na unga wa mbao wa seremala jirani, ikakauka, nikaipiga msasa mpaka ikawa laini. Juu yake nikatandika sponji nyembamba ya godoro la zamani.

Kitambaa nilikuwa nacho, kile cha plastiki kinachojifanya ngozi, cheusi, masalio ya makochi ya mteja mmoja ambaye hakuuliza masalio yako wapi. Kitambaa hicho kwenye kona ni kichwa kigumu. Unakikanda kwa taulo la maji ya moto, unakivuta kingali na joto, unakibana kwa vibanio vya nguo hadi gundi ishike. Siku hiyo nguo zetu zilianikwa bila vibanio, na soksi mbili hatujaziona tena.

Swichi nilizitoa kwenye ndoo ya fundi umeme wa magari, vitu alivyoving'oa kwenye magari yaliyokufa. Nilichambua mpaka nikapata zinazofanana, nyeusi, bapa, za ukubwa mmoja. Nikazipanga mstari ulionyooka kama wanafunzi. Na kwa kuwa mimi nikianza sijui kuacha, kabla ya kugandisha kitambaa nilikuwa nimetarizi kwa uzi mweupe, mahali pa kila swichi, picha ya kazi yake: taa, waipa, feni. Picha kubwa, kila moja kama kucha ya kidole gumba.

Mume wangu alikuja akakaa karibu yangu wakati natarizi. Nikampa sindano anitungie uzi.

"Hiyo kazi yako," akasema.

Alikuwa amekataa hivyo kwa miezi, na mimi nikamwita mvivu. Alikuwa pia ameanza kuchovya kidole kikombeni akijimiminia chai, nikasema uzee umemwondolea adabu. Nyumbani kwetu kila kitu kina mahali pake, maana fujo siiwezi. Alipita humo ndani bila kugonga hata kigoda.

Siku ya ukaguzi nilimfuata hadi uwanja wa zahanati. Nilikwenda kusifiwa, sifichi. Mkaguzi alikuwa mtu mpole, shati limepigwa pasi. Akaingia kiti cha abiria, kando ya mume wangu, akapitisha kiganja juu ya dashibodi.

"Nani amefanya hii?"

Nilisubiri pale dirishani aulize tena, ndipo nikajibu.

"Gari limepita," akasema. "Tumalizie. Washa taa, mzee."

Waipa zikaanza kukwangua kioo kikavu.

Mume wangu akacheka. "Swichi mpya hizi. Mke wangu amenihamisha mji." Akabonyeza nyingine, na feni ikavuma.

"Si imechorwa hapo, mzee," mkaguzi akamwambia.

Akainama. Akainama mpaka pua ikakaribia kitambaa, na bado kidole kilikuwa kinatafuta. Chai, sindano, kizibo cha chupa, vyote vikanijia kwa mpigo. Halafu nikachemka. Barabara zile za milimani, upande mmoja mwamba na upande wa pili hakuna kitu, na mtu huyu alikuwa akizipita kwa mazoea.

Akanigeuzia uso. Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni, kwamba miwani kaisahau nyumbani. Nimewahi kumdanganyia makubwa kuliko hilo. Nikatazama mbele ya gari.

"Muuguzi yuko wapi?" nikamuuliza mume wangu.

"Si yuko ndani, anachukua kasha."

Muuguzi alikuwa amesimama mbele ya boneti, kasha mikononi, anamtazama.

"Haoni," nikamwambia mkaguzi.

Hakuna aliyepaza sauti. Mkaguzi aliandika kwamba gari linafaa na dereva hafai, akasema tukipata dereva kazi ni yetu bado. Muuguzi akamshika mume wangu mkono, akamwambia macho yatapimwa, pengine yanatibika. Mume wangu akaitikia kwa kichwa kwa kila neno, akang'oa ufunguo, akaunyoosha hewani pale alipodhani nimesimama. Nikasogea ili nilingane na mkono wake.

Kuendesha alinifundisha yeye, kwa Kifaru hilohilo, enzi tukiwa maharusi. Nikaketi mbele ya usukani, yeye akaketi kiti cha muuguzi. Sikuliwasha kwanza. Nilikuwa na uchungu naye, na nilitamani anigombeze ili nipate pa kuumwaga. Yeye akanyoosha mkono akaanza kuipapasa dashibodi, polepole, kutoka kushoto.

"Hii taa," akasema. Kidole kikasogea. "Hii waipa. Hii feni. Uzi wako umeinuka, unasomeka vizuri. Ungenipa siku mbili tu, ningezoea."

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo maana nimesema leo."