Kiti cha Mama Mkwe

Lilikuwa Datsun la milango miwili, pua ndefu, mgongo mfupi, na viti viwili tu. Mzee Wakoli wa Sirisia alilinunua enzi za ujana wake wa kujishaua, wakazeeka pamoja, na mwishowe kuku wakaanza kutagia ndani. Alipokuwa kitandani kwa mara ya mwisho alimwita mkwewe Waithaka, mume wa binti yake Nabwile, kutoka Kitale.

"Hiyo gari chukua," akamwambia. "Lakini siku moja umbebe mama yenu mpaka show ya Kitale, vile mimi nilikuwa nambeba. Wewe mwenyewe."

Waithaka akaapa. Mzee akatabasamu kama mtu aliyeweka mtego, na baada ya siku chache akafariki.

Gari likavutwa hadi uani kwa Waithaka, mtaa wa Tuwan. Kwa miaka mitatu alilifufua mwenyewe, na skrubu isiyo ya asili hakutaka hata kuiona. Kitasa kimoja cha mlango alikingoja kutoka Japani kwa hamu ya mtu anayengoja jibu la posa. Nabwile alizoea kukuta kabureta kwenye beseni lake la vyombo, na alinung'unika, lakini hakuitoa. Alijua mumewe hatengenezi gari tu. Waithaka alimpenda Mzee kuliko alivyowahi kumwambia.

Siku lilipokamilika walilipeleka Sirisia, jekundu, linang'aa, likinguruma hadi majirani wakaacha majembe. Mama Sellah, mjane wa Mzee, alitoka jikoni akifuta mikono. Akaligusa boneti, akatokwa na machozi. Kisha akachungulia ndani, akaona vile viti viwili vilivyobanana, akarudi nyuma.

"Ni nzuri. Mungu awabariki," akasema, akaingia jikoni.

Waithaka aliumia. Njiani kurudi, walipofika Kimilili, akauliza.

"Amekataa gari ya mzee wake?"

"Baba Ian, wewe ungekaa wapi?" Nabwile akamuuliza mumewe taratibu. "Mimi siendeshi. Ukiendesha wewe, mama anakaa karibu na nani?"

Hapo ndipo jambo lilipomwingia akilini. Kwa Wabukusu, mama mkwe na mkwe hawapeani mkono wala hawaketi karibu. Waithaka, Mkikuyu wa Trans-Nzoia, alikuwa ameishika mila hiyo tangu siku ya kwanza. Yeye na Mama Sellah walisalimiana kwa mbali, mengine yakapitia kwa Nabwile. Miaka mitatu alikuwa amehangaika na kila kitu cha gari lile isipokuwa mahali pa mtu mwenyewe. Akaelewa sasa lile tabasamu la Mzee.

Alipomweleza Kimeli, rafiki yake fundi wa kunyoosha mabati ya magari, kwamba anataka kukata sakafu ya nyuma, Kimeli alishika kichwa.

"Ati ukate? Si utakuwa umeiua, bana! Hiyo haitaitwa tena original."

"Isiitwe," Waithaka akasema.

Alikata mwenyewe. Cheche ziliporuka alihisi uchungu kwenye meno, maana bati lile alilijua kama ngozi yake. Palipokuwa pamelala tairi la spea pakawa pa kuwekea miguu. Juu yake akafunga kiti kidogo kinachotazama nyuma, mto wake umeshonwa Bungoma mjini kwa ngozi ya rangi ileile, na mkanda. Kiti cha abiria akakifanya kikunjike, ili Mama apite bila kuinama sana.

Asubuhi ya maonyesho ya Kitale walipomfuata Sirisia, Mama Sellah alilitazama gari kwa muda mrefu. Kisha akamnong'oneza binti yake.

"Na kile kioo cha dereva, cha pale juu, kiko wapi?"

"Amekitoa, mama. Ndio msionane."

Mama Sellah akavua viatu, akavishika mkononi, akaingia.

Safari ikaanza na vituko vyake. "Mwambie mkwe mbele kuna matuta," alisema Mama, aliyeijua barabara kwa moyo, akiwa mkono mmoja tu kutoka kisogo cha Waithaka.

"Mwambie Mama nimeyaona," Waithaka akajibu.

Nabwile, aliyekaa katikati ya ujumbe huo wote, alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Walipopita Kamukuywa, barabara ikaanza kupanda. Mama hakutuma neno tena. Kilichosikika ni kamasi zikivutwa. Waithaka, asiyeweza kugeuka, aliingiwa na hofu kwamba amemkosea mama wa watu. Akalegeza mguu. Nabwile akageuka kumtazama mama yake.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, bila kupitia kwa mtu.

"Usipunguze, mwanangu. Hapa baba yako alikuwa anakanyaga mafuta."

Waithaka alitupa macho juu kutafuta kioo, kwa mazoea, akakuta dari tupu. Machozi yakamtoka. Akakanyaga.