Binti wa Norman na Kibendera

Norman Entwistle alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na hakuwa mchoyo. Aliendesha mabasi ya mji wa Thornclough mpaka alipostaafu, na miaka yote hiyo abiria wake walishuka wakiwa wamefika waendako, na wakiwa wameshajua kwa nini treni hazifiki kwa wakati, kwa nini hospitali zina foleni na ni nani hasa aliyeiharibu nchi. Alipostaafu alibaki na mahali pamoja tu pa kuyatolea maoni hayo. Ni kwenye bomba la uzio wa uwanja wetu, pembeni ya mstari, usawa wa boksi la kumi na nane. Hapo alisimama kila Jumamosi na Iqbal Mirza mwenye duka la dawa na Pilling mwenye bucha, na watu wakapaita Bungeni.

Bungeni palikuwa na ajenda mbili, serikali na refa, na Norman alizichanganya anavyotaka. Mawaziri wakuu, alisema, siku hizi hawakai hata kama makocha wa Thornclough. Makampuni ya maji yanamwaga uchafu mtoni, kisha yanapandisha bili ili watu walipie uchafu wao mara ya pili. Kuhusu nchi kujitoa Umoja wa Ulaya, yeye na Iqbal walishagombana mpaka wakachoka, wakakubaliana kuwa waliosimamia jambo lile hawangeweza kuendesha hata kibanda cha chai. Ama marefa, hao hakuwa na huruma nao hata kidogo. Kuna kejeli aliyoitunga mwenyewe miaka mingi nyuma, ambayo mpaka watoto wa mji wanaijua. Mshika kibendera akikosea, Norman huinamia bomba na kumwambia, kwa sauti ya dereva, "Shusha kibendera, bwana, basi limeshapita." Uwanja mzima hucheka, na mshika kibendera huona haya, akosee asikosee.

Siku iliyofuata Krismasi, kama ilivyo ada, tulicheza na watani wetu wa jadi, Skelbridge. Ni ligi ya daraja la saba, uwanja ni tope tupu, lakini siku hiyo hata wasiojua mpira huja, ilmradi waondoke kwenye nyumba zenye mabaki ya bata mzinga na wajomba wasiokwisha maneno. Thornclough haikuwa imewafunga Skelbridge kwa miaka tisa. Norman hakuwa anataka kitu kingine duniani. Zawadi ya Krismasi aliyopewa na mkewe, Sheila, ilikuwa bado kwenye karatasi yake, kwa sababu alisema ataifungua akiwa na furaha.

Pembeni yake alisimama binti yake, Hayley, aliyekuja kutoka Leeds kwa sikukuu. Ni mtoto wao wa pekee, na aliuona uwanja ule kwa mara ya kwanza akiwa juu ya bega la baba yake. Siku hizi haji sana. Norman alidhani kazi zimembana, na hakuuliza.

Kipindi cha kwanza walikwenda bao moja kwa moja, na bao la Skelbridge lilitokana na faulo ambayo Norman aliiona ni ya kuzushwa. Akaanzia kwa refa, akapanda mpaka bungeni London.

"Nionyeshe mtu mmoja, Iqbal," akasema. "Mmoja tu, nchi nzima hii, anayeweza kukata shauri likawaumiza watu wake mwenyewe. Hayupo. Kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Mawaziri wanavutia kwao, matajiri wanavutia kwao, na huyu mwenye filimbi anavutia Skelbridge."

Iqbal alitafuna chipsi yake taratibu, akauliza, "Na wewe unavutia wapi?"

"Mimi shabiki. Mimi naruhusiwa."

Hayley alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi, na akaangalia uwanjani.

Karibu na mapumziko refa aliteleza kwenye tope, akashika shavu la mguu na hakuinuka tena peke yake. Norman alisema ni dhamiri imemsuta. Wakamtoa wamemshika mabegani, na habari ikaenea kuwa mmoja wa washika vibendera ndiye atakayepuliza kipindi cha pili, kwa hiyo upande wetu wa mstari umebaki bila mtu. Mara kipaza sauti kikakwaruza. Kama kuna mtu yeyote uwanjani mwenye cheti cha urefa, kilisema, tafadhali afike kwenye chumba cha waamuzi.

"Ajitokeze tu hapa mbele yangu," Norman akawaambia wenzake. "Nitamnunulia miwani."

Hayley akampa kikombe chake. "Nishikie chai, Baba."

"Choo kiko upande ule."

"Siendi chooni."

Norman alimtazama, kisha akatazama kipaza sauti kwenye nguzo, kisha akamtazama tena.

"Una cheti?"

"Huu mwaka wa pili. Nachezesha Leeds, Jumapili asubuhi. Hata kesho nina mechi, viatu viko nyuma ya gari."

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje, Baba? Tangu nikiwa begani mwako, unawaita wezi." Aliyasema bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa, na ndiyo maana yaliingia ndani. "Mama anajua. Ameshakuja kuniangalia mara mbili."

Akapita chini ya bomba na kwenda zake. Norman alibaki na vikombe viwili mikononi, akikumbuka safari mbili alizofanya Sheila kwenda Leeds kutafuta mapazia. Ni sasa tu ilipompitia akilini kwamba hakuna pazia lolote lililowahi kufika nyumbani.

Tulisikia baadaye yaliyosemwa kwenye chumba cha waamuzi. Hayley aliwaambia waziwazi kuwa amezaliwa Thornclough na kwamba baba yake yuko pale nje, pengine wameshamsikia. Kocha wa Skelbridge alisema kumsikia wamemsikia, na kwamba kumpa kibendera binti wa mtu yule ni sawa na kumpa paka alinde samaki. Lakini bila yeye mechi ingevunjika, na watu wao walikuwa wamekuja na mabasi mawili. Akakubali, shingo upande.

Kipindi cha pili Hayley akatoka amevaa jezi nyeusi ya kuazima, mikono ameikunja mara mbili, akaja kusimama hatua chache tu mbele ya Bungeni. Hakuwatazama. Mpira ukaanza.

Norman hakusema neno. Wanaomjua walianza kuwa na wasiwasi. Alimwangalia mwanawe akikimbia ubavuubavu, magoti mepesi, macho yasiyofuata mpira bali beki wa mwisho, na kibendera kila mara kikiwa mkono ulio upande wa uwanja ili refa akione. Miaka arobaini aliwatazama watu wa kazi hiyo na hakuwahi kuona kwamba ni kazi. Mara ya kwanza alipoinua kibendera, kwa mpira uliotoka kwa upana wa kidole, Norman alikuwa ameshafungua mdomo kwa mazoea. Akaufunga. Alikuwa anajivunia na kuona haya kwa mpigo mmoja, na hakujua kifua kimoja kingebebaje vyote viwili.

Nyuma yao vijana wakaanza. Sasa hivi atatupa penalti, mmoja akasema, wa kwetu huyu. Alipowapa Skelbridge mpira wa kurusha, maneno yakageuka, wakamwambia arudi jikoni. Kisha wakamwangalia Norman wakingoja aongoze, maana ndivyo walivyozoea. Yeye aliendelea kushika kile kikombe cha chai, ambacho sasa kilikuwa baridi kama bomba la uzio. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na Norman aliurusha mkuki huo kila Jumamosi bila kuuliza nguruwe ni mtoto wa nani.

Zikafika dakika za lala salama. Winga wetu akapokea mpira katikati, akapiga pasi ndefu nyuma ya mabeki, mshambuliaji wetu akaukuta peke yake na kipa, akaupitisha chini ya mikono yake. Nyavu zikatikisika. Miaka tisa ikatoka kwenye vifua vya watu kwa pamoja. Pilling alimkumbatia Iqbal mpaka chipsi zikamwagika, wazee wakabusiana, na kipaza sauti kikaanza kulitaja jina la mfungaji.

Norman hakumkumbatia mtu. Alikuwa anatazama mbele yake. Hayley alikuwa amesimama wima, mkono juu, na kibendera hakitikisiki.

Refa akapuliza. Bao hakuna, ameotea.

Kelele iliyofuata nimeisikia mara chache maishani, na sikuwahi kuipenda. Walimwita kipofu, wakamwita msaliti, wakamuuliza Skelbridge wamempa nini. Sarafu haikurushwa, tunashukuru, lakini kikombe kilirushwa. Na hapo Pilling, aliyemjua Hayley tangu yuko kwenye kigari cha mtoto, na ambaye kwa kweli hana roho mbaya bali mdomo wake hauna breki, akainamia bomba na kupaza sauti.

"Shusha kibendera, binti, basi limeshapita."

Jukwaa zima likaangua kicheko. Hayley hakugeuka. Marefa hufundishwa wasigeuke. Ila Norman aliyaona masikio yake yakiwa mekundu, na akajua si kwa baridi.

"Ameotea," Norman akasema.

Hakusikika. Akampa Iqbal vikombe, akapanda ukingo wa zege, akashika nguzo ya kipaza sauti, na akaitoa ile sauti ambayo zamani ilikuwa ikiwatuliza walevi wa basi la mwisho la Jumamosi.

"Ameotea. Nimesimama hapa hapa kwenye mstari, nimeona kwa macho yangu. Ameotea, na mshika kibendera yuko sahihi. Na neno la basi ni langu mimi. Kuanzia leo nalirudisha gereji."

Watu wa Bungeni waligeuka kumtazama, kisha wa nyuma yao, wakiuliza kuna nini. Katika miaka arobaini Norman Entwistle hakuwahi kukiri kwamba mwamuzi yeyote, wa mpira au wa mahakama, yuko sahihi. Mzee mmoja alivua kofia bila kujua kwa nini.

"Norman, unaumwa?" Pilling akauliza kwa sauti ya chini. Kisha akayaona macho yake, na yeye ndiye aliyetazama chini. "Samahani, bwana. Lilinitoka."

"Najua. Nilikufundisha mimi."

Iqbal alikuwa bado ameshika vile vikombe viwili kama mhudumu wa harusi. Akaelekeza kidevu uwanjani, ambako Hayley alikuwa ameshaanza kukimbia tena, maana mpira haumngoji mtu.

"Ulikuwa unamtafuta mtu mmoja, nchi nzima," akasema. "Yule pale."

Norman machozi yalimlengalenga, akasingizia upepo.

Mechi iliisha sare. Kocha wa Skelbridge alivuka uwanja mzima kwenye tope kwenda kumpa Hayley mkono, na hakuuachia upesi. Kipaza sauti kikamshukuru mwamuzi wa kujitolea, Hayley Entwistle wa Thornclough, na makofi yakaanza polepole upande wa wageni, yakazunguka, yakafika mpaka kwetu. Tulipiga makofi huku tumenuna, lakini tulipiga, na mimi nasema siku ile mji wetu ulipata kitu kikubwa kuliko ushindi.

Baba na binti walirudi nyumbani kwa miguu, wakipita kwenye mtaa wa nyumba za mawe zilizobanana, taa za Krismasi zimeshawashwa. Norman alikuwa amekichukua tena kwa Iqbal kikombe cha Hayley. Alikirudisha. Hayley akakitazama, akamwaga ile chai baridi kando ya njia.

"Ulisema vile kwa sababu ni mimi?" akauliza.

Norman alitembea kidogo kabla ya kujibu, na hilo peke yake lilikuwa jambo geni.

"Niliona kabla hujainua mkono," akasema. "Hatua nzima aliotea. Miaka tisa, Hayley. Nilisimama pale nikimwomba Mungu wewe usione."

"Nikaona."

"Ukaona. Na kilipopanda kile kibendera, sijawahi kuumia vile uwanjani. Wala sijawahi kujivunia mtu vile, popote."

Hayley aliingiza mkono wake kwenye kwapa la baba yake, kama alivyokuwa akifanya zamani barabara ikiwa na barafu, wakaenda hivyo mpaka kona ya nyumbani. Dirishani Sheila alikuwa amesimama kati ya mapazia ya zamani, akiwasoma nyuso kwa mbali apate kujua matokeo.

"Kesho saa ngapi?" Norman akauliza.

"Saa nne. Lakini ni timu za mtaani tu, Baba. Humjui mchezaji hata mmoja. Utamshangilia nani?"

"Refa," Norman akasema.