Kifungo cha Joho

Jana nilimaliza sala, nikalala, nikaota nimeshtakiwa kwa kosa la kumkataza binti yangu Tusekile kusoma sheria.

Kosa nilikuwa nalo kweli. Jioni nilimwambia ajaze ualimu kwenye maombi ya chuo, maana Ipyana, kijana wa jirani, ana digrii ya sheria na anafuga kuku. Mwisho wa kujaza ni leo saa sita mchana.

Mahakama ni jiko langu. Hakimu ni mgomba, amevaa joho, majani yanadondosha maji. Kitabu cha sheria kimefungwa kwenye kenchi za paa, na kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kuwa juu ya sheria, karani anawaomba popo washuke. Wanashuka, wanakaa kwenye benchi. Nawapisha.

Shahidi ni cherehani yangu. Inagusa Biblia kwa sindano, inaapa.

"Mama Tuse," inasema, "baba Tuse alipofariki ulisaini karatasi gani?"

Naeleza kwamba shemeji Ambakisye aliniletea karatasi ya mahudhurio ya waombolezaji, nikasaini. Kumbe aliibandika nyuma ya muhtasari wa kikao cha ukoo, ikaonekana nimekubali yeye asimamie mirathi, nyumba pamoja na cherehani.

"Nani aliyegundua?"

"Tusekile. Alikuwa kidato cha pili. Alisimama mahakamani akamsomea hakimu tarehe ya kikao. Tarehe hiyo baba yake alikuwa bado hai, anakunywa uji wodini."

Popo wanainamisha vichwa kwa heshima. Sheria inataka pande zote zisikilizwe, kwa hiyo karani anaigeuza cherehani, nayo inasema yaleyale kwa upande wa nyuma.

Mgomba ananiuliza nina utetezi gani. Nasema naogopa mtoto asome miaka yote ile, apite na shule ya mawakili, halafu akae nyumbani.

Hapo jiko linakuwa soko la ndizi. Majoho matupu yamesimama foleni, yamenyooka, natamani hata kuyagusa. Nayauliza moja moja, kama ninayeuliza bei. La kwanza linaandika mikataba ya wakulima wa chai. Linalofuata liko benki. Jingine liko baraza la ardhi, pindo lake lina matope ya mashamba ya watu.

La mwisho limepauka, halina kifungo cha juu. Linasema huu ni mwaka wa pili linatafuta kazi, kwa sasa linafuga kuku.

"Unajuta?"

"Hapana, mama. Juzi nilimsomea mjane mmoja karatasi kabla hajaisaini. Alinipa parachichi nne."

Nikakata kifungo cha sweta yangu, nikalishonea pale pale, cherehani ikinishikia uzi.

Nilipoamka, Tusekile alikuwa amekaa mlangoni na simu mkononi, macho yamevimba.

"Nimeshajaza ualimu, mama. Bado kutuma tu."

"Futa. Jaza sheria."

Akanitazama, akaitazama simu, akanitazama tena. Mimi nikachukua sweta yangu msumarini, nikavaa, kulikuwa na baridi.

"Mama, kifungo chako cha juu kiko wapi?"

Nikapapasa shingoni. Uzi ulikuwa umekatwa vizuri, kwa mkasi.

"Kimeenda kazini," nikamwambia. "Wewe tuma."