Kura ya Wiki ya Mvua

Mume wangu hajawahi kuleta mvua. Nalisema mapema kwa sababu kijijini kwetu wapo watu wazima, wenye meno na wasio na meno, wanaoamini kwamba anaifuga.

Kwa miaka tisa yeye, Ma Pilgu, alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na kwa miaka tisa maiki ya kijiji ilikaa jikoni kwangu, kati ya jiko na mtungi wa kimchi, kabichi yetu ya pilipili iliyochachushwa. Kila asubuhi saa kumi na mbili aliipuliza mara mbili, akasema "A, a," kisha akasoma hali ya hewa ya mkoa, sauti ikatoka kwenye vipaza sauti juu ya nguzo. Simu kila mtu anayo. Ila kwetu, jambo ambalo halijatoka kwenye nguzo bado halijatokea.

Jumatatu ile ya Januari alisoma hivi: "Wiki hii joto litapanda mkoa mzima. Mvua kuanzia Jumatano hadi Jumamosi. Usiku nyuzi tano, mchana tisa. Funikeni samaki."

Sisi wa mabonde ya mkoa wa Gangwon tunakula kwa sababu ya baridi. Tunaanika samaki kwenye chanja za miti mwezi wa kumi na mbili, wanaganda usiku, wanalegea mchana, wanaganda tena, hadi majira yanapogeuka, wakiwa wa manjano na laini. Joto na mvua huwageuza weusi, na samaki mweusi hata paka humfikiria mara mbili. Kufunika chanja moja kwa turubai kunataka watu wanne, na mmoja wao lazima alale na maumivu ya mgongo.

Sijapakua wali, Bi Okjeom kashafika mlangoni, na miaka yake themanini na miwili.

"Mwenyekiti, wiki jana umetuletea ukungu. Wiki hii mvua. Tumekukosea nini?"

"Bibi, mimi nasoma tu."

"Basi soma kingine."

Mjumbe hauawi, wanasema. Hasemi mtu kwamba hanyimwi kura. Uchaguzi ulikuwa Ijumaa, na Tak Sanggil, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, alikuwa akigombea. Alipita nyumba hadi nyumba na viazi vitamu vya kuchoma. "Huyu Ma ana mdomo wa mvua," aliwaambia. "Mimi nikishika maiki, mtasikia habari za baridi." Watu wakapiga makofi, watu wenye akili zao. Na ili waone kwamba hatanii, Tak alikataa kufunika samaki wake.

Jumanne jioni tulikuwa tunakunjua turubai uani. Mume wangu akajikohoza.

"Mama Duho, kesho nikisema manyunyu badala ya mvua, kuna ubaya gani?"

"Ubaya ni kwamba itakuwa mvua."

"Kura zinanikimbia."

"Ziache zikimbie. Ukisema manyunyu, kura ya nyumba hii naandika Tak."

Kwetu kila nyumba ina kura moja, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeendesha mkutano, kalamu nilishika mimi. Aliutaka uenyekiti ule, msidhani hakuutaka. Aliupenda kama wengine wanavyopenda pombe. Jumatano akasema mvua, tena nyingi. Ikanyesha. Watu wakafunika samaki wao huku wakimlaani kwa jina.

Ijumaa tulijaa ukumbini, nyumba arobaini na moja. Mvua ilipiga bati hata Tak akalazimika kupaza sauti kusema juu ya matumaini. Kila baada ya sentensi mbili aliangalia dirishani.

"Ndugu Tak," mume wangu akamkatiza, "samaki wako umewafunika?"

"Wako salama."

"Sijauliza kama wako salama."

Tak akaangalia dirishani tena. Mume wangu akafunga daftari la mkutano. "Kura baadaye. Kila mtu na turubai."

Tukatoka wote hadi kwenye chanja za Tak. Ma Pilgu, miaka sitini na saba, alipanda ngazi yeye mwenyewe, maji yakimwingia shingoni, akikohoa. Bi Okjeom alisimama chini na mwavuli.

"Mvua umeileta mwenyewe, halafu unajifanya kuikimbiza?"

Alikuwa anatania, watu wakacheka. Yeye naye akacheka juu ya ngazi, meno yakigongana. Mimi sikucheka. Nilikasirika hadi masikio yakaniwaka moto. Miaka tisa anawaambia ukweli, na malipo yake ni hayo, na kesho asubuhi angeamka awasomee tena.

Tuliporudi ukumbini, tumelowa chapachapa, nikachukua kalamu nikaandika Tak. Niliandika kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

Mwenyekiti ndiye anayehesabu. Alisoma karatasi moja moja kwa ile sauti yake ya nguzoni: Ma, Tak, Tak, Ma. Alipofika kwenye karatasi yenye tundu aliishika kidogo. Miaka arobaini na tatu tumeishi pamoja, mwandiko wangu anaujua. "Tak," akasoma, sauti ileile, akaiweka kwenye fungu lake.

Tak ishirini na moja, Ma ishirini.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Bi Okjeom akatangaza. Mimi nikatazama jiko la mafuta kana kwamba ndiyo kwanza naliona.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nguzo ikapulizwa hadi mbwa wakabweka. "A, a. Wanakijiji." Karatasi zikachakarika. "Wiki hii... joto. Mvua Jumanne hadi Ijumaa. Alhamisi mvua kubwa." Halafu kwa sauti ndogo: "Funikeni samaki." Hakuwa amemaliza, tukasikia mlango wa Bi Okjeom ukibamizwa na viatu vyake vikielekea kwa Tak. Nilicheka hadi nikamwaga supu.

Mume wangu hakucheka. Alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, amevaa, amechana nywele.

"Hajataja pwani," akasema.

Akachukua kijiko, akakipuliza mara mbili. "A, a." Akanisomea mkoa mzima, milima, mabonde na pwani, hadi Jumapili. Kisha akakiweka kijiko mezani.

"Ile kalamu ya ukumbini ni kali," akasema.

Nilichukua muda mrefu kumpakulia supu.

"Ulikuwa unakohoa, Baba Duho."

"Mm." Akapokea bakuli kwa mikono miwili. Hakuniuliza zaidi, nami nikamsogezea kimchi.

"Sema tena Alhamisi itakuwaje," nikamwambia.

Akanitazama.

"Manyunyu tu," akasema, na siku hiyo nikamwacha anidanganye.