Pampu ya Kuchezea

Mwenye uwanja alikuwa amesema wazi: pikapu isipotoka yenyewe kabla ya jua kuzama, wauza vyuma chakavu wataikata. Kwa hiyo mshonaji aliacha cherehani, akabeba kikapu chake, akaenda kumsimamia shemeji yake, fundi magari mwenye maneno mengi kuliko spana.

Pikapu ilikuwa ya marehemu mumewe. Mfumo wake wa umeme wa kupuliza petroli ulipoharibika, mumewe alifunga kabureta kuukuu. Ilibaki pampu ya kuilisha petroli tu, naye akaondoka kabla hajaifunga.

"Pampu ya zamani si imo ndani ya tanki?" fundi alisema. "Ina nguvu kama punda. Ya nini kuhangaika?"

"Hiyo nguvu ndiyo aliyoikataa kaka yako. Alisema kabureta hunyweshwa kwa kijiko."

"Aa, shemeji! Tangu lini cherehani ikatumia petroli?"

"Na wewe tangu lini ukasikiliza mtu?"

Fundi alicheka, akaunganisha waya, akawasha swichi. Petroli ikafurika kwenye kabureta kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Aliruka kuizima, suruali tayari imelowa mpaka magotini.

"Leo usivute sigara," mshonaji alisema taratibu. "Nimechoka kuzika."

Mshonaji akatoa kikapuni pampu ndogo ya umeme, ya kufungwa nje ya tanki, ile isukumayo petroli kidogo kidogo. Fundi aliijua. Kaka yake alipokuja nayo, yeye ndiye aliyeiita pampu ya kuchezea.

"Hii inalia kama saa ya ukutani. Majirani watahama."

"Wahame."

Fundi akafuta injini, akaiacha ikauke. Akaitoa pampu ya ndani ya tanki, akaweka bomba tupu mahali pake, kisha akaifunga ile ndogo chini, karibu na tanki. Jua lilikuwa limeshainama.

"Washa wewe," alisema. "Mimi imeshanikojolea."

Mshonaji aliketi nyuma ya usukani, akazungusha ufunguo nusu. Tik-tik-tik-tik, mbio mbio, halafu polepole, halafu kimya. Gari la kwanza la yeye na mumewe lililia hivyo kila asubuhi. Yeye alikuwa akijifunika shuka masikioni kwa kero, na mumewe akimwita dirishani: subiri, kikombe cha kabureta kinajaa.

"Mbona huwashi?"

"Subiri. Kikombe kinajaa."

Fundi alimtazama, kisha akainama kukagua tairi ambalo halikuwa na shida yoyote.

"Kimeshajaa, shemeji," alisema kutoka huko chini. "Hata mimi nimesikia."

Mshonaji alijifuta uso, akapiga starta. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika. Fundi alifunga boneti, akarukaruka kama aliyeshinda mechi, na pikapu ikaanza kusogea.

"Shemeji, simama! Spana zangu ziko nyuma!"

Alimsikia vizuri. Hakusimama mpaka magurudumu ya nyuma yalipovuka geti.