Vumbi la Kioo cha Zahanati

Kiangazi cha mwaka 1978, Severina Kalinga alikuwa akipanda ngazi kila asubuhi hadi kwenye paa la zahanati, kule Kilolo, na ndoo ya maji na kipande cha fulana kuukuu, kufuta kioo cha umeme wa jua kilicholetwa na wamisionari. Bwana Jailos, msimamizi, alikuwa amemweleza kwamba vumbi hula umeme. Ndiyo maana, alisema, umeme ulitosha taa za nyumbani kwake yeye msimamizi tu, na wodi ya wazazi ikabaki na koroboi.

Severina aliamini. Mwezi Mei binti yake, Evarista, alijifungua humo wodini usiku, akavuja damu mpaka akafa, maana mkunga hakuona pa kushona. Severina alijilaumu kwamba siku hiyo hakusugua vya kutosha.

Asubuhi moja ya Agosti, alipofika juu, vumbi lilinyanyuka lenyewe. Lilijikunja kama shuka, likashuka ngazi hatua kwa hatua, likaenda kukaa barabarani. Mavi ya ndege yakafuata nyuma. Severina aliyapisha, kisha akashuka na ndoo yake imejaa.

"Kamwene, mama. Mbona mapema?" aliuliza Apolonia, mkunga.

"Vumbi limeondoka."

"Limekwenda wapi?"

"Barabarani."

Apolonia akachungulia barabarani, akarudi kwa wagonjwa wake.

Vumbi halikutua tena juu ya kioo. Malori ya mbao yalipita, upepo wa Septemba ukavuma, kioo kikabaki king'avu. Severina akaenda kwa Bwana Jailos, akamkuta anafunga taa ya nne barazani kwake.

"Kioo ni safi sasa, bwana. Naomba waya ufike wodini."

"Nimekiona," alisema Jailos. "Lakini kuna mawingu."

Severina alitazama juu. Hakukuwa na wingu hata moja. Hapo ndipo alipojua kwamba ile siku ya Mei alisugua vya kutosha. Aliketi chini, akalia taratibu. Jailos alingoja amalize, kisha akamwambia kwamba kazi ya kufuta imekwisha, kesho aanze kazi jikoni.

Jioni hiyo mama mmoja aliletwa kwa machela, uchungu umemshika tangu jana. Severina akawasha koroboi mbili, akainama nazo karibu na miguu ya yule mama, moja kila mkono.

"Sogeza kushoto kidogo," alisema Apolonia.

Severina akasogeza.